Jangwani usisubiri kiu: kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kama unajiandaa kwenda nchi ya jangwa, kuna jambo moja ninataka ulishike kabla hujafunga mizigo: huko mwili wako utachelewa kukuonya. Nimeongozana na wageni wengi kwenye safari za namna hiyo, na wanaozidiwa mara nyingi ni watu wenye afya njema wanaojiamini. Wakisikia kiu wanakunywa, wakichoka wanapumzika. Kwingine utaratibu huo unatosha. Jangwani hautoshi, na nitaeleza kwa nini.

Hewa ya jangwa ni kavu mno, kwa hiyo jasho hukauka palepale linapotoka. Aliyezoea joto la unyevunyevu hujipima kwa jasho: shati likiloa anajua amepoteza maji. Jangwani shati linabaki kavu huku mwili ukipoteza lita nzima ya maji kwa saa, hata zaidi ukiwa unapanda mlima au umebeba mzigo. Kitu pekee utakachokiona ni ukanda mweupe wa chumvi mgongoni na kwapani, na hapo umeshapoteza mengi. Kiu nayo huja nyuma. Ukiisikia, upungufu umeshaanza.

Kwa hiyo kunywa kwa kuangalia saa. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani wanapendekeza robo lita kila dakika 15 hadi 20 kwa anayefanya kazi kwenye joto, na wasafiri wanaotembea juani wafuate hivyohivyo. Hifadhi ya Death Valley, jangwa la California nchini Marekani palipoandikwa joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi Julai 1913, huwaambia wageni wanywe angalau galoni moja kwa siku, yaani karibu lita 4. Hicho ni kiwango cha chini. Ukishinda nje unakanyaga mchanga, utahitaji zaidi.

Lakini usivuke karibu lita 1.4 kwa saa. Onyo hili watu hulipuuza kwa sababu wameshaambiwa sana kwamba maji hayazidi. Yanazidi. Maji mengi mno bila chumvi hushusha sodiamu kwenye damu, na dalili zake zinafanana na za joto: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Wenzi wa mgonjwa wakiona hivyo humwongezea maji, na hali inazidi kuharibika. Mtu aliyekuwa anakunywa mfululizo tangu asubuhi, mkojo wake mweupe kabisa, kisha akaanza kutapika na kusema ovyo, usimpe tena maji matupu. Mpeleke kwa daktari haraka.

Chumvi ya kawaida hurudi mwilini kupitia chakula, ndiyo maana sipendi kuona mtu anaacha kula kwa sababu joto limemkatisha hamu. Kula kidogo kidogo, ila kula. Pakiti za dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini (ORS) beba za kutosha. Ni nyepesi na hutumika kwenye kuhara na kwenye joto pia. Zikikuishia, changanya lita moja ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vya kusawazishwa, si vya kurundika. Usizidishe chumvi kwa kudhani unaongeza nguvu ya dawa.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni mkojo. Ukiwa na rangi ya manjano hafifu, uko sawa. Ukikoza kama chai, au ukipita nusu siku bila haja ndogo, umechelewa. (Vidonge vya vitamini B huupaka mkojo manjano kali, kwa hiyo anayevitumia asijitie hofu.) Na hapa naomba nizungumze wazi na akina dada na akina mama. Wengi hujinyima maji safarini kwa sababu hakuna mahali pa kujisitiri, na matokeo yake ni kuumwa kichwa kutwa nzima au kurudi na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwambie kiongozi wa msafara mapema kwamba mtahitaji vituo, tena vya mara kwa mara. Beba kanga au kitambaa kipana cha kujikinga. Kiongozi anayenung'unika kwa ombi hilo hajui kazi yake.

Jambo la pili ni wiki ya kwanza. Mwili una uwezo wa kujifunza joto, ila unahitaji siku 7 hadi 14. Katika siku hizo jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, chumvi inayopotea hupungua, na moyo unaacha kukimbia kwa kazi ndogo. Kabla ya hapo wewe ni mgeni, hata uwe mwanariadha. Takwimu za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, zinaonyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mfanyakazi, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza. Ushauri wao kwa mfanyakazi mpya ni kufanya asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, kisha kuongeza asilimia 20 kila siku. Ukiwa msafiri, tafsiri yake ni kwamba ile safari ndefu ya milima ya mchanga isiwe kesho yake baada ya kushuka kwenye ndege. Iweke mwishoni.

Kuna wanaojifungia kwenye kiyoyozi wiki nzima, kisha siku ya nane wanatoka kwa kishindo wakidhani wameshazoea. Hawajazoea kitu. Mwili hujifunza kwa kukaa ndani ya joto lenyewe, karibu saa mbili kwa siku, ukitembea taratibu asubuhi au jioni. Tena ukiondoka wiki moja kwenda mahali pa baridi, sehemu ya mazoea hayo inapotea na inabidi uanze upya kwa upole.

Sasa tuje kwenye lile linaloua. Uchovu wa joto unajulikana: jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, miguu kulegea. Mtu huyo umweke kivulini, umlegeze nguo, umpe maji au ORS kwa mafunda madogo, umpumzishe hadi kesho. Kiharusi cha joto ni kitu kingine. Joto la ndani ya mwili hupanda kupita nyuzi 40 na ubongo unaanza kushindwa. Usisubiri ngozi ikauke ndipo uamini. Wengine huendelea kutoka jasho. Angalia akili yake.

Kijana mmoja niliyekuwa naye alikuwa mzungumzaji kuliko wote kwenye gari. Tulipokuwa tunapanda mchanga, akanyamaza. Nikamuuliza jana tulilala wapi. Akatabasamu tu, akashika chupa ya maji na kuanza kuzungusha kifuniko ambacho alikuwa ameshakitoa na amekishika kwa mkono wa pili. Hatukujadili. Tulimlaza kwenye kivuli cha gari, tukamvua shati na viatu, tukamwagia maji ya kunywa kichwani, kifuani, kwapani na mapajani, wawili wakimpepea kwa vipande vya boksi bila kupumzika. Kwenye hewa kavu kumlowesha mtu na kumpepea kunapoza vizuri sana. Alipoanza kujibu maswali sawasawa ndipo tukampakia kwenda hospitali, tukiendelea kumlowesha njiani.

Utaratibu ndio huo: poza kwanza, safirisha baadaye, huku mwingine akipiga simu ya dharura. Kama kuna barafu au beseni kubwa la maji baridi, mtumbukize mwili ukiwa umeshikilia kichwa chake juu. Aliyechanganyikiwa usimnyweshe kitu, anaweza kupaliwa. Panadoli na aspirini hazisaidii hapa, kwa sababu joto hili si la homa. Na kwa kuwa anayezidiwa ndiye wa mwisho kujua, safirini wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Swali moja dogo kila nusu saa linatosha.

Dawa zako ziangalie kabla ya kuondoka. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa zinazoongeza mkojo, dawa za mzio zinazoleta usingizi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hudhoofisha uwezo wa mwili kuhimili joto. Usiziache kwa uamuzi wako. Zungumza na daktari, pengine atabadilisha dozi. Insulini isikae ndani ya gari hata dakika chache, na isigusane na barafu pia, kwani ikiganda imeharibika.

Nguo ziwe ndefu, pana, nyepesi. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi dhidi ya kuungua, lakini haikukingi na joto, na macho ya kila mtu yanaumizwa na mwanga unaorudishwa na mchanga, kwa hiyo miwani na kofia pana ni za lazima. Mwenye pumu abebe dawa ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi la nyuma, maana vumbi likipiga hakuna muda wa kutafuta. Usiku lete sweta. Anga isiyo na mawingu na hewa kavu huachia joto haraka jua likizama, na nimeona watu waliozidiwa na joto mchana wakitetemeka alfajiri.

Viatu kung'uta kila asubuhi, kwa sababu nge hupenda kujificha humo. Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) humfanya nge ang'ae kijani gizani, na ukikagua hema nayo kabla ya kulala utatulia. Akikuuma nyoka, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Tuliza kiungo hicho na uende hospitali. Hema usiliweke kwenye mkondo mkavu wa mto hata kama ni tambarare na pazuri, kwa sababu mvua iliyonyesha mbali inaweza kuleta mafuriko mahali ulipolala huku juu yako kukiwa na nyota tupu.

Gari likikwama, baki nalo. Linaonekana kutoka mbali kuliko mtu, na lina kivuli. Keti upande wenye kivuli, inua mwili kidogo kutoka mchangani, na maji yaliyopo yanywe unapoyahitaji badala ya kuyatunza kwenye chupa huku unadhoofika.

Maziwa mabichi, ya ngamia yakiwemo, yachemshe kwanza; huambukiza bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaoleta homa, na ngamia wamehusishwa na virusi vya MERS, vinavyoshambulia mfumo wa kupumua, vilivyogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012. Baada ya kurudi nyumbani, ukipata homa isiyoeleweka au kidonda cha ngozi kisichopona, hata kama miezi imepita, mwambie daktari ulikuwa nchi gani, ulikunywa nini na kama uliumwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaofyonza damu. Kidonda cha leishmania, kimelea kinachoenezwa na visubi hao, huchukua wiki au miezi kujitokeza, na daktari asiyejua kwamba ulikuwa jangwani hatakuwa na sababu ya kukipima.