Mpungate umesinyaa kwenye theluji: umekufa au umelala?

SWALI: Ninapoishi baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Nina mpungate wa nje, aina ya Opuntia humifusa, nilioupanda mwaka jana. Tangu baridi ianze umesinyaa, ukajikunja na kulala chini. Nimeufunika kwa nailoni na ninaumwagilia kidogo kidogo. Nifanye nini zaidi?

JIBU: Usizidishe, punguza. Nailoni itoe leo, na maji yasubiri hadi baridi iishe kabisa.

Huko kusinyaa ndiko kunakouokoa. Siku zinapofupika na baridi kuingia polepole, mpungate huu hupunguza maji mwilini, na yanayobaki huwa mazito kwa sukari na ute. Barafu ikija, hujijenga nje ya seli. Ikijijenga ndani, seli hupasuka na kufa. Ukiumwagilia sasa unauvuruga katika maandalizi hayo, na nailoni inafungia unyevu ambao huleta kuoza.

Ukitaka kujua kama uko hai, bonyeza kipande kimoja kwa kijiti. Kikiwa kikavu na kigumu kama ngozi, hata kama kimegeuka zambarau, usiwe na wasiwasi. Kikibonyea na kutoa majimaji, hasa pale kinapogusana na udongo, kikate hadi ufikie nyama safi isiyo na doa. Shika kwa koleo: glovu za kitambaa hazizuii vile vimiba vidogo kama nywele, na ni vibaya kuliko miiba mirefu.

Theluji yenyewe iache ilivyo, inaukinga na upepo mkali. Kinachoua kaktusi nyingi za nje ni udongo uliolowa wiki nyingi kwenye baridi. Kwa hiyo kazi yako kubwa iko baada ya theluji: inua tuta la sentimita 30 hivi, nusu au zaidi iwe changarawe yenye ncha. Mchanga laini wa plasta haufai, unashika maji. Shingoni mwa mmea, pale unapotokeza udongoni, zungushia kokoto ndogo, unene wa sentimita 3 hadi 5. Kama kwenu majira ya baridi ni ya mvua kuliko theluji, weka kipaa cha plastiki ngumu juu, pande zote ziwe wazi. Mbolea ya naitrojeni ikome katikati ya kiangazi.

Ukipenda kuongeza kaktusi nyingine, Opuntia fragilis na Escobaria vivipara zinaota zenyewe hadi Kanada, na Echinocereus triglochidiatus ni ya milima ya kusini-magharibi mwa Marekani. Muulize muuzaji mbegu zilitoka wapi. Spishi moja inaweza kuwa na mimea ya nyanda za juu na ya bondeni kwenye joto, na ile ya bondeni mara nyingi haistahimili baridi kama yako, hata jina likiwa lile lile.