Pikapu kwa gesi ya kuni: niliyoyapata Urambo

Ndugu uliyeuliza kama pikapu ya petroli inaweza kutembea kwa kuni, maana huko Kaliua petroli inakumaliza na magogo yapo tele: inatembea. Yangu niliiendesha hivyo karibu mwaka mzima hapa Urambo. Na si jambo jipya. Petroli ilipoadimika Ulaya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ujerumani peke yake ilifikisha magari yapatayo 500,000 ya namna hii, mengi yakitumia jiko la kugeuza kuni kuwa gesi alilolibuni Georges Imbert wa Ufaransa.

Kinachosukuma injini si moshi. Kuni zinaungua kwa hewa ya kubania ndani ya jiko hilo, yaani pipa lililozibwa, halafu hewa hiyo ya moto inavutwa kupita kwenye makaa mekundu. Hapo ndipo inapogeuka kuwa haidrojeni na kaboni monoksidi, gesi zinazowaka. Karibu nusu ya gesi hiyo ni nitrojeni tu, isiyowaka, kwa hiyo nguvu inashuka kwa theluthi, hata nusu. Kwa lita 1 ya petroli, hesabu kilo 2.5 hadi 3 za kuni kavu.

Kavu, ndugu yangu. Mimi nilianza na mti wa mtundu uliokatwa wiki ileile. Kuni mbichi zinapoza makaa, na makaa yakipoa, lami ya kuni (ule utomvu mweusi unaonata) haiungui, inapita na gesi hadi kwenye injini. Gari lilitembea vizuri siku nzima, nikafurahi. Asubuhi yake nikapiga stata, valvu zimeganda kwa lami, pushirodi mbili (vyuma vinavyosukuma valvu) zikapinda. Nilishusha silinda hedi nikaikuta nyeusi tii. Tangu hapo napasua vipande saizi ya ngumi, navianika juani miezi ya kiangazi, na siviingizi jikoni mpaka vikigonganishwa vilie kwa sauti kavu.

Baadaye nikahamia mkaa. Lami yake imeshatoka kwenye tanuri, kwa hiyo kilichobaki kuchuja ni vumbi, na kitambaa kizito kinatosha ukikikung'uta kila safari. Ila sikushauri ukafyeke msitu kwa ajili hiyo. Tanuri la udongo linapoteza kuni nyingi mno. Mimi nilitumia chenga za mkaa zinazobaki chini ya magunia sokoni.

Hili nakusihi ulishike: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua. Mpwa wangu aliwasha jiko ndani ya kibanda kwa sababu ya mvua. Tulimkuta amelala sakafuni, hajitambui. Tukamtoa nje, tukamkimbiza hospitali, Mungu akasaidia. Washa nje, feni ikitupa gesi ya mwanzo mbali na watu, na usilale karibu na gari hata kama umeshazima injini, kwani jiko linaendelea kutoa gesi.

Sasa niambie, pikapu yako ina kabureta au nozeli za kupuliza petroli? Kama ni kabureta, nitakueleza nilivyounga bomba la gesi na nilivyowahisha taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, kwa sababu gesi hii inawaka polepole kuliko petroli.