Ukimsoma Dickens, uliza kwanza "lini?"

Wadogo zangu mnaoanza riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19, acha nianze na aibu yangu. Katika insha yangu ya kwanza niliandika, tena kwa kujiamini, kwamba Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alipinga adhabu ya kifo. Ilirudi na neno moja tu la wino mwekundu pembeni: "Lini?" Nilinuna wiki nzima.

Mwaka 1846, kwenye barua zake katika gazeti la Daily News, Dickens alitaka kitanzi kifutwe kabisa. Novemba 13, 1849 akaenda kuwatazama Frederick na Maria Manning, mtu na mkewe, wakinyongwa juu ya paa la gereza la Horsemonger Lane, London. Umati ulikesha pale ukiimba, ukicheka na kupiga miluzi. Akaliandikia gazeti la The Times kwa hasira, ila safari hii hasira ilikuwa juu ya umati, na alichodai ni kwamba watu wanyongwe ndani ya kuta za gereza. Sheria ya hivyo ilipita 1868. Basi kati ya barua zile na hizi imepita miaka mitatu tu, na mimi nilizikoroga kwenye sentensi moja.

Wala msimfanye walii. Mwishoni mwa riwaya yake David Copperfield anawadhihaki wafungwa wawili, namba 27 na namba 28, waliojifanya wametubu; mmoja analalamika kwa unyenyekevu wa uongo kwamba nyama ilikuwa ngumu. Gereza lao linafanana na Pentonville, lililofunguliwa 1842, ambako kila mfungwa alifungiwa peke yake. Kilichomuudhi Dickens ni mwizi kula vizuri kuliko kibarua mwadilifu.

Habari ya baba yake kufungwa Marshalsea, gereza la wadaiwa London, kwa deni mwaka 1824, na yeye, mtoto wa miaka 12, kubandika lebo kwenye vikopo vya kiwi ya viatu kwa shilingi 6 kwa wiki, mtaikuta kila mahali. Ni ya kweli. Lakini wanaosahihisha wameshaichoka kuiona kwenye aya ya kwanza.

Nendeni kwenye riwaya yake Great Expectations, sura ya 42, mhalifu Magwitch anaposimulia maisha yake. Mtoto asiye na kwao, aliyejijua kwa mara ya kwanza akiiba tanipu apate kula. Ukubwani anashtakiwa pamoja na Compeyson, bwana msomi aliyemwingiza kwenye utapeli. Magwitch anauza nguo zake zote, anabaki na alizovaa, apate pesa ya wakili. Kizimbani anamtazama mwenzake: nywele za mawimbi, suti nyeusi, leso nyeupe. Mahakama nayo inaona hayohayo. Compeyson anapata miaka 7, Magwitch 14. Mimi sura hii niliipita mbiombio nikitafuta maneno makubwa kuhusu haki, kumbe haki yenyewe ilikuwa kwenye leso.

Mtego mwingine ni wa kamusi. Baadaye Magwitch anapelekwa New South Wales, Australia, kwa maisha yake yote, na akirudi Uingereza ni kifo. Adhabu hiyo kwa Kiingereza inaitwa "transportation", neno ambalo kamusi yangu ilinipa kama "usafirishaji", nami nikaandika kwamba jamaa alikuwa kwenye biashara ya usafirishaji. Mchekeni tu. Semeni kuhamishiwa koloni la wafungwa.

Pia andikeni miaka miwili pembeni mwa daftari: wa kuandikwa kitabu, hapa 1860 hadi 1861, na wa hadithi yenyewe, ambayo inarudi nyuma miongo kadhaa. Ukiichanganya miaka hiyo miwili utamsifu au utamlaumu jaji kwa sheria isiyo yake.

Mkimaliza, rukeni hadi sura ya 56. Watu 32, wanaume kwa wanawake, Magwitch akiwemo, wanasimamishwa pamoja kuhukumiwa kifo. Mvua ya Aprili imeacha matone kwenye vioo, jua linapenya na kupiga katikati yao na jaji. Isomeni polepole, mara mbili, kabla ya kuandika chochote.