Jibu: Kuongeza nafasi kwenye disketi za Commodore 64

Habari ndugu yangu wa Moshi. Nimekuelewa: draivu (kifaa cha kusoma disketi) ya Commodore 64 yako, ile kompyuta ya zamani, ni ya aina ya 1541, disketi inakupa bloku (vipande vya kuhifadhia data) 664 tu, na hutaki kununua nyingine.

Kagua kwanza ukingo wa disketi. Draivu hiyo ina kichwa kimoja, kwa hiyo upande wa pili umekaa bure. Unachokosa ni pengo la kuruhusu kuandika. Chukua disketi nyingine, igeuze, ilaze juu ya yako na uchore pengo lake kwa penseli. Mimi hukata kwa kitoboleo cha karatasi, kidogo kidogo, nisiguse sahani ya ndani. Tundu dogo la katikati liache, 1541 hailitazami.

Geuza disketi yako, kisha fomati (iandae kupokea data) kwa amri hii:

OPEN 15,8,15,"N:PILI,B2":CLOSE 15

Hiyo B2 ni alama ya kutambulisha disketi; isifanane na ya upande wa kwanza! Zikifanana, draivu yaweza isitambue umegeuza, ikaandika juu ya mafaili yako. Unapata 664 nyingine.

Treki (mistari ya duara inayoandikwa data) 40 badala ya 35 huongeza bloku 85, ila lazima uwe na programu maalumu. Kwangu haina maana.

Na vumbi letu hili la Arusha na Moshi, safisha kichwa kwa spiriti kabla ya yote.