Kwa nini iodidi ya risasi humetameta?

SWALI: Mwalimu wetu alichanganya myeyusho wa naitreti ya risasi na ule wa iodidi ya potasiamu, yote miwili isiyo na rangi, yakatokea machicha ya manjano. Alipoyachemsha yalitoweka, na maji yalipopoa zikashuka chembe zing'aazo kama dhahabu. Kwa nini? – Mwanafunzi, kidato cha nne

JIBU: Hiyo ni iodidi ya risasi, PbI₂. Mililita 100 za maji ya nyuzi 20 za Selsiasi huyeyusha takriban gramu 0.08 tu, lakini yakichemka huyeyusha kiasi cha gramu 0.4, ndiyo maana ilitoweka kisha ikarudi.

Uzuri wenyewe umo katika muundo wake. Kila ioni (atomu yenye chaji ya umeme) ya risasi huzungukwa na ioni sita za iodidi, nazo hujipanga katika tabaka bapa, risasi ikiwa katikati na iodidi juu na chini. Ndani ya tabaka vifungo ni imara, ilhali kati ya tabaka na tabaka mvuto ni hafifu mno, hivyo fuwele, yaani zile chembe zing'aazo, zinazokua polepole hutanuka kwa upana kuliko unene, zikawa vibapa vyembamba vya pembe sita vinavyoakisi mwanga kila vinapogeuka majini. Umanjano hutokana na kufyonzwa kwa mwanga wa buluu na urujuani.

Risasi ni sumu: mabaki yakusanywe chupani, kamwe yasimwagwe kwenye sinki.