Waya Uliofungwa "kwa Muda": Ushauri kwa Anayeingia Kiwanda cha Kemikali

Tangu niliporudi nyumbani Malindi baada ya miaka 14 katika kiwanda cha sabuni na dawa za kufulia, vijana wa mtaani hunijia kila wanapoitwa kazi kwenye viwanda vya kemikali. Wengi huuliza habari za mshahara na zamu. Mimi huwaeleza kwanza habari ya waya.

Tulikuwa na mashine kubwa ya kukorogea sabuni ya maji. Kwenye mfuniko wake palikuwa na swichi ndogo yenye kazi moja tu: mfuniko ukifunguliwa, umeme unakatika na mapanga yanasimama. Swichi ile ilianza kusumbua, ikawa inazima mashine hata mfuniko ukiwa umefungwa, na kwa kuwa oda zilikuwa nyingi, fundi wa zamu ya usiku aliibana kwa waya ili mashine iendelee kufanya kazi vyovyote mfuniko utakavyokuwa. Aliniambia ni kwa muda, hadi swichi mpya ifike. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa zamu, nami nilikubali. Kwa wiki sita nilipita mbele ya waya ule kila siku hadi macho yangu yakauzoea.

Siku ya usafi, kijana mmoja wa kutoka Ganda, karibu na Malindi, alifungua mfuniko akaingiza mkono kukwangua sabuni iliyoganda, akiamini, kama alivyofundishwa, kwamba mashine iliyo wazi haizunguki. Mwenzake aliyekuwa upande wa pili hakumwona, akabonyeza kitufe. Kijana yule alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Tukikutana sokoni hunipa mkono uleule, na kila mara kiganja changu hukumbuka kabla yangu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba waya haukuwa kosa letu la kwanza. Mashine inayosafishwa hupaswa kuzimwa kwenye swichi kuu, ikatiwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono, si mfukoni mwa msimamizi wala juu ya meza ya ofisi. Swichi ya mfuniko ni kinga ya akiba tu. Sisi hatukuwa na hata kufuli moja, na kwa miaka mingi tuliitegemea kinga ya akiba kana kwamba ndiyo ya pekee.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya viwanda vidogo. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha Union Carbide mjini Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Mtambo wa kupoza tangi la kemikali iliyotoa gesi hiyo ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla, na mnara wa kuchomea gesi haukuweza kutumika kwa sababu kipande cha bomba lake kilikuwa kimeondolewa kwa matengenezo. Vifaa vya kuokoa watu vilikuwapo, ila vilikuwa vimelazwa.

Kwa hiyo, siku ya kwanza, omba utembezwe kiwandani na utazame kwa macho yako mwenyewe. Je, mikanda ya pampu imefunikwa, au vifuniko vimeegemezwa ukutani? Fungua bomba la kuoshea macho uone kama linatoa maji, kwa maana kostiki soda, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, ikiingia jichoni hutakiwa kusafishwa kwa maji mengi papo hapo, kwa dakika zisizopungua 15, na hakuna muda wa kutafuta ndoo. Tazama pia chombo kinachotumiwa kuchotea kostiki hiyo. Nimewahi kuona sufuria ya alumini ikitumika, ilhali kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Na kostiki ndiyo humiminwa polepole ndani ya maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki, joto lake huyachemsha yakakurukia usoni.

Penye dawa ya kung'arisha nguo na asidi chini ya paa moja, hakikisha mapipa yamewekwa mbalimbali, kwani vikichanganyika hutoka gesi ya sumu iitwayo klorini. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hiyo. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, kwa hiyo usikimbilie bondeni wala mtaroni; panda juu, na uukate upepo kwa upande. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kutofautisha kusi na kaskazi, basi kila unapoingia zamu, jua leo upepo unatoka wapi.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakupa nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mtambo wa mvuke hukaguliwa kila miezi 12, na tangi la hewa iliyoshindiliwa kila miezi 24. Una haki ya kuuliza ripoti iko wapi. Ukiona hatari kubwa iliyo karibu kutokea, wajibu wako ni kumwarifu msimamizi, naye hawezi kukulazimisha urudi pale kabla haijaondolewa, wala kukufukuza kwa sababu umelalamika. Ukiumia, madai ya fidia, yaliyo chini ya sheria nyingine, yana kikomo cha miezi 12 tangu siku ya ajali, kwa hiyo usingoje ahadi za mdomo.

Baada ya ajali ile nilianza daftari. Kila kinga iliyozimwa iliandikwa humo: nani ameizima, lini, kwa nini, na tarehe ya mwisho ya kuirudisha. Tarehe ikipita, mashine inasimama. Mara ya kwanza niliposimamisha mashine kwa kanuni hiyo tulipoteza zamu nzima, na meneja alinikaripia mbele ya wafanyakazi. Swichi tuliyokuwa tumeisubiri wiki nyingi ililetwa kesho yake, saa nne asubuhi.