Mtangazaji, Kipindi na Krismasi ya Waingereza

SWALI: Mhariri, binti yangu anasoma Uingereza, na kila Desemba hunieleza kwamba wenyeji wake hubishana mno kuhusu watangazaji wa televisheni na vipindi maalumu vya Krismasi. Je, ni kweli kwamba mtangazaji ndiye anayemfanya mtazamaji akipende au akichukie kipindi?
Mama wa Soweto, Moshi

JIBU: Shikamoo, mama. Inategemea kipindi kimejengwa juu ya nini. BBC ilipoachana mwaka 2015 na Jeremy Clarkson, mtangazaji wa kipindi cha magari cha Top Gear, na wenzake wawili wakaondoka pia, kipindi kilibaki na jina lake na magari yake. Lakini watazamaji wengi walikuwa wamezoea kusikiliza watu watatu wakitaniana, magari yakiwa kisingizio tu, na Chris Evans aliyepokea kijiti mwaka 2016 alijiuzulu baada ya msimu mmoja. The Great British Bake Off, shindano la waokaji wa keki na mikate, lilihamia chaneli nyingine, Channel 4, mwaka 2017 likiwa limepoteza sura tatu kati ya nne zilizozoeleka, akiwamo jaji Mary Berry, na bado linaendelea, kwa kuwa mtazamaji hufuatilia washindani na keki zao.

Vipindi vya Krismasi vina mambo yake. Huku kwetu sikukuu humtoa mtu Dar es Salaam hadi kihambani, na siku huishia kwa ndugu na majirani. Kule usafiri wa umma karibu wote husimama, maduka mengi hufungwa, na familia hubaki sebuleni. Tarehe 25 Desemba 1986, wakati nchi ilikuwa na chaneli nne tu, sehemu ya tamthilia ya EastEnders ambamo Den anamkabidhi mkewe Angie hati ya talaka ilihesabiwa kuwa na watazamaji zaidi ya milioni 30, pamoja na wale wa marudio. Siku kama hiyo bibi asiyefuatilia tamthilia huketi na wajukuu wanaoijua, huchukua maoni yao, na muda wa saa moja tu jioni hiyo huamua sifa ya kazi ya mwaka mzima. Waandaaji hawana haki ya kulalamika sana, maana wao wenyewe huliweka tukio zito kwa ajili ya siku hiyo.

Kwa hiyo mengi anayoyasikia binti yako mwezi Desemba hutoka kwa watu ambao huenda hawakitazami kipindi hicho Februari; awaulize hilo kwanza, kabla hajakubali kwamba mtangazaji ndiye mwenye kosa.